Uzi wa Watachoka

1

Dk. Sekela Mwambije aliweka vidole viwili juu ya kidari cha mbwa, akasubiri avute pumzi. Pumzi ilipoingia, nusu mbili za mfupa zilisogea, moja juu kidogo, nyingine chini kidogo. Pumzi ilipotoka, zikarudi na kugongana. Mbwa hakulia. Aligeuza tu kichwa, akamtazama daktari, kisha akatazama mlango.

Sekela alipiga eksirei, kwa sababu kidole si kipimo.

Picha ilitokea ukutani. Juu, karibu na shingo, pengo lilikuwa na upana wa punje ya mahindi. Chini, karibu na tumbo, lingeweza kumeza kidole. Kingo za mfupa zilikuwa zimeliwa na maambukizi. Uzi mnene wa kawaida aliofungia kidari kile wiki tano nyuma ulikuwa mzima. Haukukatika wala fundo halikulegea. Ulikuwa umeukata mfupa wenyewe, kama uzi unavyokata mche wa sabuni.

"Ni mbaya?" aliuliza mama mwenye mbwa kutoka mlangoni. Wote pale Kituo cha Isuba walimwita Mama Tuse. Alikuwa amekuja alfajiri na mbwa kwenye gari la chai lisilo na dereva, amejifunika vitenge viwili juu ya sweta, na viatu vyake vilikuwa bado na udongo mwekundu wa Rungwe.

"Ni mbaya. Alipoondoka hapa alikuwa mzima. Amefanya nini huko nyumbani?"

"Afanye nini, Daktari? Ulisema asikimbie, tukamfunga kamba. Ulisema asiruke, tukaondoa hata kigoda. Anakula uji wa dagaa. Mimi nikiumwa sipati uji wa namna hiyo."

"Nyumba yenu ina ngazi?"

"Za mawe. Sita, saba."

"Anashukaje kwenda kujisaidia?"

"Mwanangu Tusekile anambeba. Alikuwa anambeba, mpaka juzi mlipomlaza huku wodini."

Sekela aligeuka. "Anambebaje? Nionyeshe."

Mama Tuse alisita, akidhani anataniwa. Kisha akanyoosha mikono mbele, akaipitisha chini ya makwapa ya mbwa ambaye hakuwepo, akainua, akamkumbatia kifuani. Shingo yake iliinama pembeni kumpisha pua.

"Hivi. Tangu kikiwa kitoto. Si ndivyo watoto wote wanavyobeba mbwa?"

Sekela alikuwa akiona uzito wote wa mbwa mkubwa ukining'inia kwenye miguu ya mbele, na miguu ya mbele ikivuta mbavu, na mbavu zikivuta kidari, nusu moja kulia, nusu nyingine kushoto. Kila asubuhi, kila jioni.

Kabla ya kuchagua uzi badala ya waya, alikuwa amewalinganisha mbwa arobaini. Nusu yao aliwafunga vidari kwa waya wa chuma cha pua, nusu kwa uzi mnene wa kuyeyuka. Kwa mbwa wazito sana waya ulishinda bila ubishi. Kwa mbwa wa uzito wa huyu, mfupa uliunga sawasawa pande zote mbili, isipokuwa waya ulikatika kwa baadhi yao na ncha zikachoma ngozi kutoka ndani. Alipima pumzi, kikohozi, kulala, kunyanyuka, kuruka. Mbwa wale waliishi kwenye mabanda ya Kituo. Walihamishwa kwa toroli, au na wahudumu waliofundishwa kuweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Kati ya wote arobaini hakuna aliyewahi kukumbatiwa.

"Anaitwa nani?" aliuliza, ingawa jina lilikuwa kwenye ukosi.

"Watachoka."

2

Profesa Mgaya, aliyepasua mioyo ya watoto pale Kituoni kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa akinawa mikono.

"Sekela, dada yangu. Ukija na uso huo kabla sijanywa chai, najua kuna mbwa."

"Kuna mbwa. Wa Tusekile."

Mgaya alifunga bomba. Tusekile Mwakipesile, miaka tisa, alikuwa mgonjwa wake wa saa nne. Homa ya viungo ilikuwa imekula vali ya moyo wake, kama ilivyokula za watoto wengi wa milima ile baada ya miaka ya mvua ndefu. Vali mpya ilikuwa tayari. Na ndani ya sanduku la baridi, kwenye rafu nyuma ya Mgaya, ulikuwepo uzi hai.

Uzi ule ulioteshwa ndani ya mbwa. Mtoto alipoandikishwa Kituoni akiwa mdogo, alipewa kitoto cha mbwa akae nacho, ale nacho, apumue hewa yake, mpaka mwili wake uzoee vitu vya mwili wa mbwa yule na usivikatae. Baada ya miaka, mbegu ya uzi ilipandwa kwenye kidari cha mbwa. Ilitambaa ndani ya mfupa, ikajifunza kukaza mbavu zinapotanuka na kulegea zinaporudi. Ulipokomaa, Sekela alifungua kidari, akautoa, akafunga kwa kitu kingine. Uzi ukaenda kwa mtoto, kufungia kidari chake baada ya upasuaji wa moyo. Waya haukui. Uzi hai hukua na mtoto.

"Kidari kimefunguka chote," Sekela alisema. "Maambukizi kwenye kingo. Ana maumivu."

"Mfunge kwa waya."

"Mfupa umelainika, waya utaukata. Nimewahi kuwafunga saba wa namna hii kwa waya. Wamepona wawili."

"Na njia nyingine?"

Sekela alitazama sanduku. Mgaya akafuata macho yake, akacheka kidogo bila furaha.

"Aa, hapana."

"Uzi hai hushika hata mfupa laini. Huujenga upya. Wanane kati ya tisa waliorudishiwa wao walipona."

"Walirudishiwa kwa sababu watoto wao walifariki kabla sijawapasua. Huyu yuko hai, yupo wodini, anamtania muuguzi. Kata nusu."

"Ukikatwa unakufa. Unajua."

"Najua. Nauliza kama mtu anayezama anavyoulizia kamba." Mgaya alikausha mikono, kidole baada ya kidole. "Tuseme nimfunge Tusekile kwa waya. Atapona. Halafu atakua, na waya utambana, na mimi au mrithi wangu tutamfungua tena. Mara tatu, mpaka afikie utu uzima. Kwa moyo ule, kila mara ni kama kuvuka mto uliofurika. Wengine huvuka."

"Mmoja kati ya kumi na wawili havuki."

"Kila mara."

"Kila mara," Sekela alikubali.

Uzi ulikuwa umekaa kwenye baridi wiki tano, kwa kuwa mafua ya mtoto yaliahirisha upasuaji, na haungevumilia zaidi ya siku ile.

"Kwa vyovyote si mimi wala wewe wa kuamua," Mgaya alisema mwishoni. "Sanduku halifunguki bila sauti ya mtoto."

Hiyo ilikuwa kanuni ya Kituo, na Sekela ndiye aliyeiandika, baada ya familia moja kuchukua uzi huku mbwa akifia uani na mtoto akidanganywa kwamba amepelekwa kwa bibi. Kanuni ilisema mbwa ni wa mtoto, na uzi ni wa mbwa, mpaka mtoto atamke mara mbili: siku ya kuutoa kwa mbwa, na siku ya kuuingiza kwake. Siku ya pili, kabla hajatamka, daktari wa mbwa amweleze hali halisi ya mbwa wake. Akikataa, uzi hurudishwa kwa mbwa.

"Umwambie basi," Mgaya alisema. "Ulijiandikia mwenyewe."

3

Mama Tuse alimsubiri kwenye korido, ameketi kwenye benchi na ukosi wa mbwa mkononi. Sekela alimweleza yote kwa mpangilio: pengo, mfupa, waya, uzi, nafasi za mbwa, nafasi za mtoto. Alieleza kama alivyoeleza siku zote, bila kupunguza wala kupamba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie amekufa."

"Hajafa."

"Atakufa. Umesema mwenyewe."

"Nimesema asiporudishiwa uzi."

"Na hatarudishiwa. Kwa hiyo atakufa. Mimi nakuomba useme leo jambo la kesho. Ni tofauti ya siku moja."

"Mama Tuse, mimi sisemi jambo ambalo halipo."

"Daktari!" Mama alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Sekela. "Unamjua yule mtoto? Ukimwambia mbwa yuko hai na uzi huu utamponya, unadhani atasema nini? Yule mtoto anamgawia mbwa nyama kwanza, ndipo ale mfupa. Atasema mpeni Watachoka. Na sanduku litamsikiliza yeye, mtoto wa miaka tisa, mimi niliyemzaa halitanisikia."

"Ndiyo."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mimi."

Mama akakaa tena. Alikunja ukosi, akaukunjua.

"Unajua kwa nini anaitwa Watachoka? Tuse alipougua mara ya kwanza, majirani walikuwa wakipita kwangu kila jioni. Hawaingii. Wanapunguza mwendo tu, wanatazama kama moto umewashwa uani, kama watu wameanza kukusanyika. Siku tuliyopewa mbwa nikasema huyu jina lake Watachoka. Nikawa namwita kwa nguvu wao wakipita. Watachokaaa! Njoo ule!" Alitabasamu, na tabasamu likamwisha haraka. "Mwanamke mmoja kati yao akajibu kwa kumpa jogoo wake jina, Bado Tupo. Tulicheka sana na yule mama baadaye. Miaka saba, Daktari. Nimelala na mbwa ndani ya nyumba miaka saba kwa ajili ya uzi huu."

"Naelewa."

"Huelewi. Na kuna lingine. Ukimwambia kidari kimefunguka, atakuuliza kwa nini. Utamwambia nini? Kwamba ni mikono yake? Kwamba kila alipomkumbatia alikuwa anampasua?"

Sekela alifikiri. Lilikuwa swali zuri.

"Nitamweleza hali ya mbwa kama itakavyokuwa wakati huo," alisema.

Mama Tuse alimtazama muda mrefu, akijaribu kujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana.

4

Katika chumba cha wanyama Sekela alimwondoa muuguzi, akamtuma akatafute dawa za maambukizi ambazo tayari zilikuwepo kabatini.

Watachoka alikuwa amelala ubavu, kwa sababu kifudifudi hakuweza tena. Alikuwa jike la rangi ya majani makavu ya migomba, sikio moja limesimama na moja limekata tamaa. Kifua kilipanda, kikagonga, kikashuka.

Sekela aliyapanga mambo kichwani. Mbwa ana miaka saba. Akipona ataishi mingine sita, labda saba. Mtoto akivuka ataishi hamsini. Mbwa ana maumivu sasa, na kila saa ya kungoja ni saa ya maumivu. Mtoto akiulizwa mbwa akiwa hai, atachagua mbwa, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa anaona mbwa na haoni miaka. Mtoto akiulizwa mbwa akiwa amekufa, hakutakuwa na cha kuchagua. Hesabu ilikuwa nzuri. Kila sehemu yake ilikuwa kweli.

Alijua pia kwamba anachofanya si tiba ya maumivu. Dawa ya maumivu ilikuwa kwenye droo ya pili. Hakujidanganya juu ya hilo. Alitaka tu kuingia wodini na sentensi ambayo haikuwa uongo, na palikuwa na njia moja ya kuipata.

Alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele. Watachoka alinusa mashine ya kunyolea, akaamua haimhusu, akalaza kidevu chake juu ya kifundo cha mkono wa Sekela, akaufanya uwe mzito. Ilibidi daktari achome sindano kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa hodari. Alikosa mshipa mara moja. Mbwa akamlamba kidole gumba, kama anavyofanya mbwa aliyezoeshwa kwamba wanaomuumiza hapa ni watu wema.

Mara ya pili hakukosa.

Alisikiliza moyo mpaka uliponyamaza, akaendelea kusikiliza muda uleule ambao huwaagiza wanafunzi wake wasikilize.

5

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Tusekile. Moyo unaendaje?"

"Unatwanga kisamvu. Muuguzi anasema akilala karibu yangu anaota anapika." Mtoto alikuwa mwembamba, amevaa gauni la hospitali lililomzidi, nywele zimesukwa njia mbili zisimsumbue kwenye mto. "Watachoka yuko wapi? Mama kasema ameachwa nyumbani, lakini nimesikia gari la chai limekuja, na gari la chai haliji huku wodini mpaka kuna mzigo."

Mama Tuse alikuwa amesimama upande wa kichwani. Mgaya alikuwa mlangoni na sanduku kwenye toroli. Taa yake ndogo ilikuwa ya kijani, ikingoja.

"Tusekile," Sekela alisema, "Watachoka amekufa."

Mama alifumba macho na kutoa pumzi. Mtoto hakulia. Alimtazama daktari usoni, kisha mikononi.

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Hapa?"

"Hapa."

"Alikufa mwenyewe?"

Sekela alikuwa ameandaa maelezo ya kidari, ya maambukizi, ya mfupa. Alikuwa ameandaa hata maelezo ya mazishi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa jibu la swali lile. Jibu la swali lile lilikuwa ndiyo au hapana, na mama wa mtoto alikuwa amefumbua macho na alikuwa akimwomba, bila sauti, kwa midomo.

"Hapana," alisema. "Nilimchoma sindano mimi."

"Daktari!" Mama aliushika ukingo wa kitanda.

"Kwa nini?" mtoto aliuliza.

"Kidari chake kilifunguka. Alikuwa na maumivu."

"Kwa nini kilifunguka?"

"Nilichagua kitu kisichofaa kukifungia. Nilitumia uzi, ilifaa waya. Nilikosea." Lilikuwa neno la kweli, na halikuwa kweli yote. Katika miaka yake yote ya kazi hakukumbuka kuacha nusu ya maelezo mahali pengine. Aliiacha pale, wala hakurudi kuichukua.

"Hakukuwa na dawa?"

"Kulikuwa na njia moja."

"Ipi?"

"Uzi wake."

Tusekile alitazama sanduku. Ilichukua muda kidogo, kama mtu anayehesabu kwa vidole chini ya shuka.

"Huu wangu?"

"Huo."

"Ungemrudishia, angepona?"

"Huenda. Wanane kati ya tisa hupona."

"Na mimi?"

"Wewe ungefungwa kwa waya. Ungepona leo. Halafu ungefunguliwa tena ukikua, mara tatu. Kila mara kuna hatari."

"Mbona hamkuniuliza?"

Mgaya alikohoa. Mama Tuse alitazama sakafu. Sekela alisema, "Kwa sababu tulijua utasema nini."

Mtoto alitikisa kichwa taratibu, kukubali kwamba hilo lilikuwa sahihi.

Mgaya alisukuma toroli mpaka kando ya kitanda. Alikuwa na sauti yake laini ya kazi, lakini ilikuwa imepauka. "Tuse, mwanangu. Sikia. Yamekwishatokea, na ni mabaya, na una haki ya kukasirika mpaka uchoke. Lakini uzi upo. Useme tu, tuanze. Usiache Watachoka afe bure."

Sanduku lilisikia jina la mwenye uzi, likazungumza kwa sauti ya kike isiyo na umri: "Tusekile Mwakipesile. Uzi huu uende wapi?"

"Kwangu," mama alisema. "Sema kwangu, mama. Sema hivyo tu."

"Sauti haitambuliki," sanduku lilisema.

"Mrudishieni," mtoto alisema.

"Tuse!" Mama alipiga magoti, akaushika mguu wa mwanawe juu ya shuka. "Mwanangu, amekufa. Maiti haina haja ya uzi. Atauweka wapi?"

"Ni wake."

"Alikuwa anakupenda! Angekupa!"

"Angenipa," mtoto alisema. "Nyinyi hamkungoja anipe." Sasa machozi yalikuwa yanashuka, lakini sauti haikuyumba, ilikuwa sauti ya mtoto anayefafanulia wakubwa hesabu waliyokosea. "Mlimuua ili nikubali. Nikikubali, itakuwa ni mimi."

"Uzi huu uende wapi?" sanduku liliuliza tena.

"Kwa Watachoka."

Taa ikageuka kutoka kijani kwenda nyeupe, na kufuli la upande wa wanyama likafunguka. Ndani ya sanduku kitu cheupe chembamba kilijikunja kidogo, kama mnyoo unaosikia mvua.

6

"Sheria haikukusudia mzoga," Mgaya alisema kwenye korido.

"Inasema hurudishwa kwa mbwa. Haikusema awe hai. Sikufikiria."

"Basi fikiria sasa. Iongezee neno moja. Nitakuwa shahidi."

"Baada ya mtoto kusema?"

Ndani ya wodi walisikia mama akilia, na mtoto akimwambia jambo kwa sauti ya chini, huenda akimbembeleza.

Mama Tuse alitoka baadaye. Alisimama mbele ya Sekela bila ya kumsogelea sana.

"Neno moja," alisema. "Alikuuliza, alikufa mwenyewe? Ungesema ndiyo. Ni neno dogo, Daktari. Mtoto wangu angekuwa na kidari mpaka uzeeni. Uliweza kumuua mbwa, ukashindwa neno."

Sekela alilipima lile kama alivyopima kila kitu. Hakupata kosa ndani yake.

"Ndiyo," alisema.

Alirudi chumba cha wanyama na sanduku. Muuguzi alikuwa amewasha taa kubwa kwa mazoea, na kuweka vyombo kwa mpangilio wa kawaida. Mashine ya nusu kaputi ilikuwa imefunikwa. Sekela alivaa glovu na barakoa, akanyoosha maiti chali, akafungua mshono wa ngozi. Aliondoa uzi wa zamani kipande kwa kipande. Alikwangua kingo za mfupa mpaka zikawa safi, akazisafisha kwa maji ya chumvi.

"Daktari," muuguzi alisema polepole, "kusafisha nako kuna haja?"

"Nipe kibanio."

Uzi hai ulikuwa na joto lake. Uliponusa mfupa uliofanana na nyumbani kwao, ulijivuta wenyewe kuelekea kwenye tundu la kwanza. Sekela aliuongoza kwa umbo la nane, kuzunguka kila kiungo, kutoka shingoni kwenda tumboni, jinsi alivyokusudia kumfundisha Mgaya aufunge kwa mtoto. Uzi ulitafuta damu ya kunywa. Haikuwepo. Hata hivyo ulikaza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee uliyojifunza. Nusu mbili zilisogea, zikagusana, zikafungana mpaka mstari wa kati ukapotea.

Katika mbwa arobaini wa ulinganisho wake, na mamia waliowafuata, hakuwahi kuona kidari kilichofungwa vizuri namna ile.

Alishona ngozi kwa mishono midogo. Akapangusa damu kidogo iliyokuwepo, akalaza masikio.

Mlango ukafunguliwa. Mgaya mwenyewe ndiye aliyesukuma kitanda cha magurudumu, na mama alikuwa pembeni, ameshika chupa ya maji ya dripu juu. Tusekile alikuwa ameketi, miguu ikining'inia. Hakuna aliyeeleza ni nani aliyeruhusu.

Kitanda kilisogezwa mpaka kikagusana na meza. Mtoto aliinama. Hakumbeba mbwa. Aliweka kiganja chake juu ya mshono, akakipeleka mpaka mwisho, akakirudisha, akakiacha hapo.

"Umemaliza?" alimuuliza Sekela.

"Nimemaliza."

"Hakitafunguka?"

"Hakitafunguka."

Tusekile alijipangusa pua kwa mkono wa gauni. Akarudi nyuma, akalala chali, akaunganisha mikono juu ya kifua chake mwenyewe, akatazama dari.

"Haya," alisema. "Sasa mimi."

Mgaya alimtazama Sekela juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akaanza kusukuma kitanda kuelekea chumba cha pili, ambako wauguzi walikuwa wameshaanza kukata waya.